Nyumba hii haiuzwi, lakini ukuta wake upigwe picha

Huku Uingereza nyumba ikisimamishiwa kibao mbele, ujue inauzwa: jina la dalali, namba ya simu, basi. Ngamiani, mjini Tanga, ni kinyume. Nyumba inajisemea yenyewe kwa rangi nyekundu iliyochuruzika: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Herufi za mwisho zimebanwa kwenye fremu ya dirisha kwa sababu mwandishi hakupima. Maneno matano tu, na nyuma yake kuna mirathi, shemeji na pengine kesi.

Sisi tulioko nje tukienda Tanga likizo tunarudi na picha za ufukwe wa Raskazone, za ndugu na za sinia la pilau. Ukuta wa kinyozi hatuupigi, na tukiupiga ni kuurusha kwenye kundi tucheke tahajia. Maoni yangu ni kwamba hapo tunajipunja. Waingereza wametutangulia kwa majuto. Tangu 1 Januari 1965 alama zao za barabarani zinafuata mfumo mmoja, kwa herufi zilizobuniwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert. Ni kazi safi, unaisoma ukiwa kwenye mwendo, lakini ukiona moja umeziona zote. Ndiyo maana leo mtu anapanda baiskeli Jumapili kutafuta nguzo moja ya chuma ya zamani iliyosahauliwa njia panda. Mradi wa Geograph, ulioanza 2005, umeigawa nchi katika miraba ya kilomita moja na kutafuta picha za kila mraba, hata kama kilichomo ni sanduku la posta na ng'ombe wawili. Tanga fundi wa maandishi bado yupo na brashi yake. Hatuna haja ya kungoja aondoke ndipo tumtafute.

Kosa la kwanza la mtu anayetoka Ulaya ni mwanga. London mwezi Desemba jua la saa 6 mchana huwa nyuzi 15 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini unamulikwa usoni. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta. Jua la saa 6 liko utosini, na kivuli cha bati kinalikata bango katikati: simu ikifuata upande wa mwanga, juu kunakuwa giza, ikifuata kivuli, chini kunaungua. Nenda kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi kwa kuta zinazotazama mashariki, na saa 10 hadi 11 na nusu jioni kwa zile za magharibi. Zinazotazama kaskazini na kusini zina misimu yake. Upepo wa kusi unapovuma kutoka kusini, Juni na Julai, jua liko kaskazini, hivyo ukuta wa kaskazini ndio unaomulikwa. Wakati wa kaskazi, Desemba na Januari, geuza. Mkumbuke baharia: upepo na jua vinatoka pande tofauti.

Kuna kitu kimoja tu ambacho saa 6 inakifaa, nacho ni herufi za saruji zilizofinyangwa juu kabisa ya maduka ya zamani, jina la mwenye duka na mwaka wa kujengwa, zilizopakwa rangi moja na ukuta. Asubuhi huzioni. Jua la utosini likishuka sambamba na ukuta, kila herufi inaangusha kivuli chake chini na mwaka unasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara.

Usisimame karibu. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na ukiwa mita moja kutoka ukutani mistari inaegemea na herufi za pembeni zinavutika. Rudi nyuma mita 4 au 5, tumia ukuzaji wa 2x, washa mistari ya gridi, kisha linganisha ukingo wa bango na mistari hiyo. Bango likiwa juu, usiinue simu kama unayepiga minazi. Vuka hadi baraza la upande wa pili. Ukuta mweupe wa chokaa unaidanganya simu, inaufanya wa kijivu; gusa kwenye maandishi kisha pandisha mwanga kidogo. Piga tatu: mtaa na bango lake, bango peke yake, halafu karibu kabisa, uone brashi ilipoanzia na rangi ya mafuta inavyomenyuka juu ya chokaa. Hiyo ya tatu wengi wanaiacha, na ndiyo inayoonyesha kama kuna maandishi mengine chini yake.

Mabango ya fleksi, yale ya plastiki yaliyochapwa kwa mashine, nayo yapigwe, hata kama hayapendezi. Jua linakula njano na nyekundu kwanza, kwa hiyo baada ya muda kuku wa chipsi anabaki wa buluu.

Kuhusu ruhusa, Uingereza ukiwa barabarani unapiga ukuta na kuondoka, mara nyingi hakuna atakayekuuliza. Tanga mtu akikuona unapima ukuta kwa simu anafikiria alama ya X ya kubomolewa, kodi, au mnunuzi aliyetumwa na mjomba. Hasa pale palipoandikwa haiuzwi! Salimu kwanza, shikamoo kwa mkubwa, kaa barazani unywe kahawa, kisha sema: “Naomba nipige haya maandishi, si nyumba.” Muulize nani aliandika. Jina la fundi likitajwa, liandike hapo hapo. Bandari, kambi na vituo vya polisi usielekeze kamera kabisa, hata kibao chake kikiwa kizuri namna gani.

Mwaka wa bango unausoma kwenye namba ya simu. Namba za 0744, 0741 na 0748 kwenye bango kuukuu huenda ni za kabla ya mabadiliko ya namba ya katikati ya miaka ya 2000, ila namba za 074 zimerudi kutumika, kwa hiyo tafuta na dalili nyingine. Jina la kampuni ya simu ya Celtel liligeuka Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel 2010, kwa hiyo duka lenye rangi za Zain halikupakwa nje ya miaka hiyo. Lakini angalia kama namba na maandishi ni rangi moja. Mara nyingi namba imeongezwa baadaye, kwa mkono mwingine, na ukiifuata utaliita bango changa kumbe ni zee. Namba inayoonekana bado inatumika, ifiche kabla ya kuiweka hadharani.

Mwisho, shangazi akikutumia picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa, na tarehe na mahali vilivyofichwa ndani ya faili vinafutwa. Mwambie aitume kama hati, na aiandike jina: mwaka, mwezi, siku, mtaa, barabara ya ngapi, ni duka la nini. Ngamiani barabara zina namba, kazi nusu imeshafanyika. Picha ya ukuta ulioandikwa KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA bila barabara wala tarehe ni kichekesho cha dakika mbili. Ikiwa na barabara, mwaka na jina la fundi, mtu anaweza kwenda kuutafuta ukuta ule ule.