Kumbukumbu Moja Hainitoshi

Wiki iliyopita tulisoma hitima ya arobaini ya mama mkubwa, na nakiri kwamba niliinuka mkekani kabla sinia la pilau halijaisha, jambo ambalo mtu wa umri wangu hasamehewi kirahisi katika familia yetu. Kilichoniinua si chakula, wala si yule shemeji ambaye kila msiba huugeuza kikao cha viwanja. Ni swali. Mpwa wangu, kijana wa chuo kikuu mwenye adabu zake zote, aliwageukia waliokuwa wamelizunguka sinia letu akauliza: mngeruhusiwa kwenda na kumbukumbu moja tu baada ya kufa, nyingine zote zikafutika milele, mngechagua ipi?

Watu walichagua kwa kasi ya kustaajabisha. Mmoja alichukua siku ya harusi yake, na mkewe, aliyekuwa chumba cha pili na wanawake wenzake, akapaza sauti kwamba yeye hakuichukua. Binamu yangu alichagua siku aliyopata mtoto wake wa kwanza, akaisema huku watoto wake wengine watatu wameketi mbele yake wakimtazama. Mwingine alikwenda na bao la dakika za nyongeza lililowanyamazisha watani wake wa mpira, na sikuona dalili kwamba anatania. Kisha kijana akaniambia, "Mjomba, zamu yako." Nikajibu kwamba mimi sichagui, nikanawa, nikatoka nje. Kwa kuwa nimeitwa mwenye kisirani tangu siku hiyo, nadhani nina haki ya kujieleza.

Swali lenyewe si la mpwa wangu. Ni la filamu ya Kijapani ya mwongozaji Hirokazu Kore-eda, iliyotoka mwaka 1998, ambayo kijana ameipenda kama wanavyopenda vijana, yaani kwa kutaka kila mtu aipende. Humo wafu hufika katika jengo kuukuu linalofanana na shule iliyohamwa, wakapewa siku tatu za kuchagua kumbukumbu moja. Watumishi wa mahali hapo huiigiza kumbukumbu hiyo na kuirekodi kwa vifaa vya kuungaunga, mawingu wakiyatengeneza kwa pamba, na mwisho wa wiki marehemu huonyeshwa filamu yake fupi, akatoweka nayo, kila kitu kingine alichokiishi kikiwa kimefutika. Nimeitazama mara mbili ili nisije nikaambiwa nabishana na nisichokijua. Ni nzuri, nalisema hilo shingo upande. Kore-eda aliwahoji watu wapatao 500 kabla ya kuirekodi, na baadhi yao wamo ndani yake wakisimulia mambo yao halisi, na mtu mwenye moyo hawezi kuwasikiliza bila kuguswa. Sina ugomvi na kuchagua kumbukumbu nzuri. Ugomvi wangu ni na lile sharti dogo linalopitishwa haraka kama maandishi ya mwisho kwenye mkataba wa mkopo: kwamba zote zilizobaki zinafutwa.

Nitaeleza kwa kumbukumbu ambayo ningeichagua kama ningekuwa mtu wa kuchagua. Ni mwaka 1985, mimi nina miaka sita, na baba ametupakia kwenye baiskeli, mimi na dada yangu, akitupeleka Raskazone jua likiwa linashuka. Kwa wasioijua Tanga, baiskeli kwetu haikuwa chombo cha maskini wala cha mazoezi, ilikuwa chombo cha watu, na baba aliitunza yake kwa mafuta na kitambaa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Nakumbuka nimekaa nyuma kwenye keria, nimelishika shati lake la kaki kwa mikono miwili, shavu langu likiwa mgongoni mwake, naye akipiga mluzi. Tulipofika baharini alitununulia madafu, kila mmoja na lake, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwani kwa kawaida dafu moja lilizunguka mikononi mwetu hadi likakauka. Kisha tukakaa, tukatazama maji hadi giza lilipoingia, bila yeye kutuharakisha hata mara moja. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba saa ile.

Dada yangu anasema nyuma kwenye keria alikaa yeye, na kwamba mimi nilikaa mbele, juu ya chuma, kati ya kiti na usukani, nikilalamika kuwa chuma kinaniumiza. Tumebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini. Ana ushahidi wake, nao si dhaifu: mtoto wa miaka sita hakuachwa nyuma peke yake wakati dada yake wa miaka tisa yupo. Inawezekana basi kwamba lile shati la kaki, na shavu, na mgongo wa baba, ni vitu nilivyovisikia kutoka kwake nikavifanya vyangu. Ikiwa ndivyo, nikifika kwenye hilo jengo la filamu nitakuwa nimesimama kaunta nikiidai kumbukumbu ya mtu mwingine.

Lakini hilo ni dogo. Mwaka mmoja baada ya kumzika baba, mama alitusimulia siku ile kwa upande wake. Baba alikuwa karani katika shamba la mkonge, na asubuhi hiyo alikuwa amekabidhiwa barua ya kupunguzwa kazi. Wanaokumbuka Tanga ya miaka ile hawahitaji maelezo. Nchi iliyozalisha takriban tani 230,000 za mkonge mwaka 1964 ilikuwa imefika mahali ambapo korona zinanyamaza moja baada ya nyingine (korona ni mtambo wa kuchakata mkonge, na sisi wa Tanga tulikuwa na neno hilo kabla ya ugonjwa kulichukua), kamba za plastiki zimejaa dunia nzima, na wanaume waliozoea kuamka kwa king'ora cha kiwanda wakawa wanaamka kwa mazoea tu. Baba hakujua aingieje nyumbani na ile barua. Kwa hiyo alifika mlangoni, hakuvuka kizingiti, akatuita sisi wawili tuliokuwa tukicheza barazani, akatupakia, akaondoka. Madafu yale aliyanunua kwa fedha ambayo hakujua itafuatwa na nyingine lini. Hakutuharakisha kurudi kwa sababu hakuwa tayari kurudi.

Sasa niambieni nichague ipi. Nikiichukua jioni ile kama nilivyoiishi, peke yake, na kila kitu kingine kikafutwa, nitakaa milele karibu na mtu aliyevunjika nikidhani ana furaha. Nitamwona akitazama maji na nitaamini kwamba anatazama maji. Sitajua kwamba alikuwa anapiga mluzi ili sauti yake isikatike mbele ya watoto. Na yote yanayonifanya niipende jioni hiyo leo, nikiwa na watoto wangu na barua zangu mwenyewe nilizowahi kuzificha mfukoni, yamo katika miaka iliyoifuata: katika maneno ya mama, katika ubishi wa dada, katika siku nilipoosha maiti ya baba nikaona mgongo ule umekuwa mwembamba kiasi kile. Jioni yenyewe ilikuwa baiskeli na dafu. Iliyobaki niliipata baadaye, na hiyo ndiyo wanayotaka kunifutia.

Wataalamu wa ubongo, kwa njia yao kavu, wamekaribia kusema hivyohivyo. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake huko New York walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya woga iliyokwisha kuhifadhiwa ikiibuliwa, huwa dhaifu tena kwa muda na hulazimika kuhifadhiwa upya, na ukiizuia wakati huo huweza kupotea. Sitaki kuwafananisha ndugu zangu na panya, ingawa yule shemeji wa viwanja ananishawishi. Nasema tu kwamba kitu tunachokiita kumbukumbu hakikai kabatini kama shahada. Hushikwashikwa na kubadilika, na ile tunayoipenda zaidi ndiyo iliyoshikwa mara nyingi zaidi.

Nirudi kwa mama mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenye shughuli, na ndiye sababu ya kisirani changu. Miaka miwili ya mwisho wa uhai wake alikuwa amesahau karibu kila kitu. Alimsahau mumewe, akatusahau sisi, akasahau kwamba alikwisha kula na kwamba hajala. Kilichobaki ni asubuhi moja ya mwaka 1958, asubuhi ya ndoa yake. Baba yao alikuwa amekwisha kufa, na walii wake alikuwa kaka yake aliyekuwa Pemba, aliyetarajiwa kuvuka kwa dau kutoka Wete. Bila kaka, ndoa isingefungwa. Bibi harusi amekwisha kupambwa, ubani umefukizwa, sheikh anasubiri, na dau halijaonekana. Dau lilifika, ndoa ikafungwa, na kwa miaka sitini alituhadithia asubuhi hiyo kama asubuhi ya furaha kuliko zote alizojaliwa. Mngemuuliza swali la mpwa wangu akiwa na akili zake, nina hakika angejibu kabla hamjamaliza kuuliza.

Alijaliwa hivyo hasa. Kumbukumbu moja, aliyoipenda, na nyingine zote zimefutika. Basi kila alfajiri aliamka akauliza, "Dau limeshafika?" Tulimjibu limefika, akatabasamu, akashukuru Mungu, na baada ya robo saa akauliza tena, safari hii kwa wasiwasi. Mara ishirini kwa siku. Asubuhi iliyokuwa tamu kwa sababu ilikwisha vizuri, ilipokatwa kwenye mwisho wake ikawa kungoja tu, kungoja kusikokwisha kwa msichana aliyepambwa anayeogopa kuaibika. Siku ya arobaini ya mtu huyo naulizwa kama mchezo, juu ya pilau lake, ningependa kubaki na ipi.

Linalonishangaza ni kwamba Kore-eda mwenyewe alilijua hilo. Amewahi kueleza kwamba alipokuwa mtoto babu yake alipatwa na ugonjwa wa kusahau, hata akashindwa kuwatambua watu wa nyumbani na mwishowe asiutambue uso wake mwenyewe. Labda ndiyo sababu ndani ya filamu aliwaachia nafasi wale wasioweza au wasiotaka kuchagua, ambao hubaki hapohapo wakiwahudumia wafu wapya. Kwangu hiyo ni habari njema. Angalau huko kuna ajira.

Kuna upande mmoja ambao siwezi kuupuuza, ingawa ningependa. Sisi tuliosomeshwa madrasa tumelelewa na malaika wawili mabegani, Rakibu na Atidi, wasioacha kuandika, na tukafundishwa kwamba hata uzito wa chembe, wa heri au wa shari, utaonyeshwa. Kwa mtu aliyekua na daftari hilo, wazo la kwamba yote yafutwe isipokuwa jioni moja nzuri lina utamu ambao si wa kitoto. Ninayo mambo ambayo ningelipa wayasahau. Nilipotoka nje siku ile nilikaa kwenye baraza na kulifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, na sina jibu linaloniridhisha, isipokuwa kwamba hayo mabaya nayo yana watu ndani yake, na sidhani ni haki yangu kuwafuta ili mimi nipate usingizi.

Tena swali limeelekezwa kwa mtu asiyehusika. John Mbiti, yule mwanatheolojia wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi aliyekufa huendelea kuwamo katika Sasa maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina, na akishafariki wa mwisho wao ndipo huzama katika Zamani. Wapo waliombishia Mbiti, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Hata hivyo naona alisema jambo ambalo kila anayekwenda msibani analijua: kazi ya kukumbuka ni ya waliobaki. Nasi tunaifanya ovyo. Tunasimama makaburini tukisoma wasifu unaoanza na mwaka wa kuzaliwa, ukapita shule ya msingi, ukamalizia kwa kuhesabu wajukuu, kana kwamba marehemu alikuwa anaomba nafasi ya kazi ahera.

Dada yangu, yuleyule wa kwenye keria, ndiye aliyemwona mama mkubwa kuliko sisi sote. Miezi michache kabla ya mwisho aliacha kumjibu tu kwamba dau limefika. Alipoulizwa, alisema, "Limefika mama, haya tukampokee," akamshika mkono, wakatoka taratibu hadi chini ya mwembe, wakaketi wakitazama barabara. Na huko, siku ya tatu au ya nne, mama mkubwa akaanza kuona watu wakishuka. Akamwona kaka yake kwanza, kanzu imelowa hadi magotini. Akaona kikapu cha karafuu. Akamwona mtu mwingine amebeba jogoo, na jogoo akamponyoka mikononi akarukia majini, na pwani nzima ikakimbilia jogoo badala ya kumpokea walii, naye kaka akabaki peke yake kwenye maji, mikono kiunoni, akicheka. Katika miaka sitini ya kuhadithiwa asubuhi ile, hakuna kati yetu aliyewahi kusikia habari za jogoo.

Mama anasema hapakuwa na jogoo. Dada anasema alikuwepo, na kwamba alikuwa mwekundu.