Kufungwa ukiwa ughaibuni

Timu ikifungwa pale Dar, maumivu yana ratiba yake. Usiku wa kwanza ni wa kununa. Asubuhi mtani anakusubiri kijiweni na kidole juu, anakutambia mbele za watu, nawe unamkumbusha tano-bila ya Mei 2012 au tano-moja ya Novemba 2023, kutegemea uko Msimbazi kwa Simba au Jangwani kwa Yanga. Siku ya tatu mnabishana pamoja kuhusu usajili. Kwa maoni yangu utani wa jadi ndiyo dawa ya kipigo, na sisi wa nje ndiyo tunaoikosa.

Huku hakuna wa kukutania. Juni 2023 Yanga walishinda 1-0 Algiers na bado Kombe la Shirikisho Afrika likabaki kwa USM Alger, kwa sababu walishafungwa 2-1 Uwanja wa Mkapa, Dar, na mabao ya ugenini yakaamua: jumla sare, akapewa aliyefunga mengi ugenini. Mweleze Mwingereza kazini, atauliza tu: jumla 2-2, dakika za nyongeza ziko wapi? Kwao Ulaya, UEFA iliifuta kanuni hiyo mwaka 2021. Atasikitika kwa adabu, kisha atarudi kwenye kompyuta yake.

Halafu kuna saa. Mechi ya saa moja usiku Dar inaanza saa sita mchana New York wakati wa kiangazi, saa tano asubuhi wakati wa baridi. Nyumbani wanafungwa wanaenda kulala. Wewe filimbi ya mwisho inakukuta mchana kweupe, na zamu ya jioni bado inakungoja.

Ndipo unaposhika simu, na simu ndiyo inayoharibu. Kijiweni mtani huacha akiona macho yako yamebadilika. Kwenye kundi la WhatsApp hakuna anayekuona. Ukijibu stika moja unaletewa kumi, na anayekuchokoza zaidi mara nyingi hata humjui.

Kwa hiyo nyamazisha makundi kabla mpira haujaanza, maana baada ya kipigo hutakuwa na subira hiyo. Chagua muda wa saa nane, usichague wiki nzima: ukirudi baada ya wiki utani umeshaisha na wewe bado una kinyongo. Kisha mpigie mtani mmoja unayemjua, kwa sauti, dakika kumi. Mwache akucheke. Sauti ina kicheko ndani yake, maandishi hayana. Marudio ya bao yaache hadi kesho. Kuliangalia mara sita hakumfanyi beki asogee.

Kinachogeuza huzuni kuwa hasara ni mkeka. Aliyeibetia timu yake anafungwa mara mbili, na usiku uleule anatafuta mechi nyingine ya kurudisha hela. Usibeti mechi ya timu yako, na usibeti chochote siku ya kipigo. Tangu Aprili 2020 Uingereza hairuhusu kubeti kwa kadi ya mkopo, lakini kadi ya kawaida ya benki inapita. Ukiona unazidiwa, Uingereza kuna huduma ya GAMSTOP: bure, unajifungia miezi 6, mwaka 1 au miaka 5 kwenye tovuti zote za kubeti zenye leseni ya Uingereza. Kampuni za nyumbani hazimo, na huko ndiko shemeji hutumwa akuwekee mkeka. Mwambie mapema akatae.