Mshenga Nusu Kichwa

Jumamosi ya tarehe 1 Oktoba 2022 nilikwenda kuposa nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Mwoaji hakuwa mimi, alikuwa mpwa wangu. Mimi nilikuwa mshenga. Dada yangu alinichagua kwa sababu, kwa maneno yake, "kaka una mdomo." Mdomo huo huo ndio ulioniponza.

Safari ya Mbagala ilipangwa saa tisa. Saa saba nikaingia kwa kinyozi wangu, Tandika, nikajua nusu saa inatosha. Kosa langu la kwanza ni kwamba redio ilikuwa imewashwa. Walikuwa wanazungumzia unafuu wa tozo za miamala ya pesa kwa simu uliotangazwa Septemba, ambao ulikuwa unaanza kutumika siku hiyo hiyo. Kinyozi akaniuliza, "Kaka mkubwa, wewe unaonaje?"

Mtu mwenye busara angejibu, "Tunashukuru," akafumba macho. Mimi nikasema tozo sawa, ilizidi. Ilipoanza Julai 2021 muamala mmoja uliweza kukatwa hadi shilingi 10,000, na hapo mpiganaji yeyote angelia. Ila nikaongeza kwamba kodi ya jengo kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni akili kubwa. Zamani ulikuwa unaletewa karatasi, unaificha nyuma ya kabati, mwaka unapita. Sasa huna pa kukimbilia, maana giza hulipendi.

Mashine ilikuwa imeshamaliza upande wa kulia, kuanzia sikioni hadi utosini. Ikasimama hewani.

"Jengo la nani?" akauliza.

"Jengo lolote."

"Kaka, mimi nina jengo? Nina kiti, kioo na mashine. Fremu ya mwenyewe, kodi ya pango nampa, halafu kila mwezi mita inanikata elfu moja ya jengo lake. Yeye yuko Kibaha anafuga kuku."

"Si mkubaliane akupunguzie kwenye pango? Serikali ilishasema."

Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi la wateja. Mashine bado inanguruma mkononi, inakula umeme bure, na mimi nimefungwa shuka shingoni. Hapo ndipo nilipotamka sentensi ambayo mpaka leo ukoo mzima unanitania nayo:

"Elfu moja tu, fundi! Inakuuma nini?"

Nikaendelea. Elfu moja kwa nyumba ya kawaida, elfu tano kwa kila sakafu ya ghorofa, gawanya kwa siku thelathini, haifiki hata bei ya maandazi. Nilikuwa nakokotoa kwa vidole chini ya shuka, yeye anapinga kwa kuchezesha mashine kama kipaza sauti. Tulikwenda hivyo dakika kama ishirini. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri waligawana: mmoja wangu, mmoja wake. Hakuna aliyekumbuka kichwa.

Kisha mashine ikafa. Redio ikafa. Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, nayo ikanyamaza. Uniti zimekwisha.

Kinyozi hakushtuka. Akatoa simu, akanunua umeme wa elfu moja, tukasubiri ujumbe. Siku za kawaida wakati ule elfu moja ya fremu ilileta uniti 2.8, maana ndani yake kulikuwa na VAT asilimia 18, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (ya wadhibiti wa nishati) asilimia 1. Lakini hii ilikuwa tarehe mosi. Alisoma ujumbe, akausoma tena, akanigeuzia kioo cha simu usoni, pole pole, kama daktari anayeonyesha picha ya mguu uliovunjika. Elfu moja yote imekwenda kwenye jengo. Umeme hakuna.

"Elfu moja tu," akasema.

Yule mteja wa upande wangu akahamia upande wake.

Kwenye simu yangu nilikuwa na shilingi 900. Salio lote asubuhi lilikwenda kwenye maandalizi ya posa. Mfukoni nilikuwa na noti za kulipia nywele. Nikampa, nikamwomba akimbie kwa wakala pale kona akanunue nyingine, hiyo sasa itakuja na uniti kwa sababu jengo la mwezi limeshalipwa. Ni mita hamsini. Akatoka.

Dakika kumi. Kumi na tano. Nikachungulia mlangoni na shuka langu shingoni. Kinyozi yuko pale kwa wakala, ameweka mguu mmoja juu ya kreti ya soda, mkono unapanda na kushuka. Nikasikia neno "tozo". Nikasikia "kuanzia leo". Wakala naye ameacha foleni, anajibu. Niliita, lakini nani anasikia mtu anapoeleza namna ambavyo angeendesha wizara?

Kinyozi wa jirani nilimfuata. Aliniangalia kushoto, akaniangalia kulia, akakataa katakata. "Kichwa alichoanza mwenzangu simalizii. Kesho ataniambia nimemchukulia mteja." Wembe? Nina vipele vya kisogo, wembe ungeleta kesi nyingine.

Noah ikafika imejaa shangazi na ndoo za mapochopocho. Dada akashuka, akaniona, akashika mdomo. Wakati tunaondoka, nilimwona kinyozi kwenye kioo cha pembeni anakimbia nyuma ya gari akipunga kikaratasi chenye zile namba ishirini za tokeni.

Ndani ya gari ilitafutwa kofia. Ilipatikana moja tu, chini ya kiti cha dereva: kofia ya chama, ile waliyogawa bure kwenye kampeni za 2020. Chama gani sisemi, rangi yake tu ingetosha kukuambia. Mimi ambaye miaka yote najisifu sina chama, nikaivaa na kuishusha hadi nyusi.

Ukweni tukapiga hodi, tukalipa kifungua mlango, tukaketi. Nikaamkia, "Shikamooni wazee." Baba wa binti, mtu mzima mwenye miwani mizito, hakuitikia mara moja. Alikuwa anaiangalia kofia.

"Mshenga," akasema, "nyumba hii ina watu wa vyama vitatu na tunakula sinia moja. Sebuleni kwangu hatufanyi kampeni. Ivue."

Nikajaribu. Nikasema mzee, kofia hii ni ya jua tu. Akasema jua liko nje. Nikasema nina mafua. Shangazi mmoja wa upande wao akasema mafua yako puani. Mpwa wangu alikuwa anatazama zulia kama anahesabu nyuzi zake.

Nikaivua.

Kwanza kimya. Kisha mtoto mdogo aliyesimama kwenye pazia akasema kwa sauti safi, "Mama, huyu babu hajaisha." Hapo sebule yote ikaanguka. Bibi harusi mtarajiwa, ambaye kwa desturi alipaswa kuwa amejificha chumbani, tulimsikia anacheka kupitia ukuta.

Ikabidi nieleze: redio, elfu moja, mita, wakala. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akafuta machozi. Halafu akasema yeye ana vyumba sita vya kupangisha huko Chamazi, na tangu utaratibu wa LUKU uanze Agosti 2021 hajatoa senti ya kodi ya jengo mfukoni mwake. (Usitegemee kwamba ndiye mwenye fremu ya kinyozi wangu. Dar si ndogo kiasi hicho.)

"Na wapangaji umewapunguzia pango?" nikauliza. Mdomo, tena.

"Hawajaomba."

"Hawajui kama wanaruhusiwa kuomba."

"Basi usiende kuwaambia."

Tukaanza. Saa nzima. Yeye anasema mpangaji ndiye anayetumia barabara na taa za mtaani, mimi nasema jengo likiuzwa mpangaji hapati hata tofali. Mjomba wa binti akaingilia kati na habari za tozo, shangazi yetu akajibu kwamba imepungua, haijafa, kwa hiyo mahari ikitumwa kwa simu iwekwe na ya kutolea. Barua ya posa ilikuwa bado kwenye bahasha mapajani mwangu, imelowa jasho. Dada alinikanyaga mguu mara tatu kabla sijakumbuka kilichotuleta.

Barua ilipokelewa. Zikaja faini, kama kawaida: kuchelewa, elfu ishirini, kofia, elfu kumi. Ya kichwa wakamwachia mzee mwenyewe apange. Akafikiri, akatazama upande wangu wa kulia, akahamia wa kushoto.

"Elfu tano na elfu moja."

"Hiyo elfu moja ya nini, mzee?"

"Ya jengo," akasema, akakunjua kiganja. "Mshenga, elfu moja tu. Inakuuma nini?"