Sultani wa miaka 72

Nilipopata kazi ya kutembeza wageni Mji Mkongwe, nilikesha usiku mmoja nakariri masultani wa Zanzibar. Shuleni kipindi cha historia kilikuja baada ya chakula, kwa hiyo nilikuwa nikikisikia usingizini. Nikaandika majina kiganjani kwa biki, na kwa kuwa kiganja changu kidogo, baba zao nikawaacha nje: Barghash, Khalifa, Ali, Hamad, Khalid, Hamoud, kisha Ali, kisha Khalifa. Ala! Mbona nimerudia? Usingizi huo. Nikalamba kidole, nikafuta wale wawili wa mwisho, miaka nikaiunga. Ali akawa wa 1890 mpaka 1911. Khalifa, 1888 mpaka 1960.

Wageni wangu wa kwanza walikuwa walimu wastaafu kutoka Pangani. Dereva wa basi, wajina wangu Ali, akatushusha Forodhani. Mbele ya Beit al-Ajaib nilitamba: Barghash huyo, 1883 huyo, watu wakaitikia kwa vichwa. Tukasogea Beit al-Sahel.

"Na hapa, wazee wangu, ndipo kwa Sultani Khalifa. Mtu wa watu! Mwaka 1936 alifanyiwa jubilei ya fedha, mpaka stempu zikatolewa!"

Bi mkubwa mmoja, mwenye kipepeo cha ukindu, akauliza taratibu, "Mwanangu, ndiye Khalifa aliyewapa Wajerumani pwani yetu 1888?"

Nikachungulia kiganja. 1888 ilikuwepo. "Ndiye huyohuyo!"

Kipepeo kikasimama.

"Yaani atutie mikononi mwa Mjerumani, Abushiri anyongwe 1889 palepale Pangani, kisha yeye akae anakata keki ya jubilei?"

Jasho likaanza, na wino nao ukaanza kusafiri kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Mzee mmoja, bila shaka wa hesabu, alikuwa anahesabu kwa pingili za vidole. "Miaka 72. Alizaliwa lini?"

Hilo nililijua, wallahi, nilijivuna kabisa. "1879!"

"Basi alitia saini na Wajerumani akiwa na miaka 9."

"Alikuwa na akili nyingi tangu utotoni," nikasema.

"Na huyo Ali uliyetutajia njiani, wa 1890, alitawala wapi wakati Khalifa yupo?"

"Alikuwa... makamu."

Walicheka hadi muuza kahawa akaja kuuliza kuna nini. Bi mkubwa peke yake hakucheka. Alinishika mkono, akakitazama kiganja kama anayesoma barua ya madeni.

"Hawa hawana baba? Khalifa bin Said, nduguye Barghash, ndiye wa Wajerumani. Alikaa miaka miwili tu, akafa 1890. Wa jubilei ni Khalifa bin Harub, kaingia 1911. Umewaunga kama nyaya za umeme! Na wewe waitwa nani?"

"Ali."

"Ali nani? Ali bin Said, au Ali bin Hamoud aliyejiuzulu 1911 akaenda kukaa Paris?"

Dakika ile ningekubali kuwa yeyote, mradi niwe Paris.

Safari iliyobaki aliongoza yeye. Mimi nilibeba mikoba na maji, nikisikiliza, na kwa kweli nilijifunza zaidi ya miaka yangu yote ya shule. Jioni, bandarini, akaniaga kwa upole. "Tumekuchangia kidogo, mwanangu. Bahasha nimeiacha kiti cha mbele, jina lako nimeandika juu."

Nikakimbia hadi kwenye basi. Dereva alikuwa anahesabu noti, ameshalowesha kidole.

"Hiyo yangu!"

"Imeandikwa Ali," akasema, akinionyesha.

"Ndiyo, Ali mimi!"

Akaigeuza bahasha, akaitazama mbele na nyuma, hata ndani akachungulia.

"Jina la baba halipo."