Acheni Nialishe Vidole Vyangu

Nina tabia moja inayowakera watu: kualisha vidole, yaani kuvivuta mpaka vilie. Nikizama kwenye mawazo, mkono mmoja unaushika mwenzake, kidole baada ya kidole, ta, ta, ta. Tangu utotoni naambiwa nitazeeka na baridi yabisi. Kila aliyeniambia naye aliambiwa, na hakuna aliyenijibu nilipouliza: kwani kinacholia pale ni nini?

Si mfupa. Kiungo cha kidole kimezungukwa na mfuko mdogo wa majimaji ya utelezi, na ndani ya majimaji hayo mna gesi iliyoyeyuka. Ukikivuta kidole, mifupa inaachana kidogo, shinikizo linashuka, na gesi inajitenga ikawa kiputo. Ndiyo maana kidole kilichokwisha kulia hakilii tena papo hapo; kinataka kama dakika 20 hivi. Jaribu.

Sasa, mlio unatoka kiputo kinapozaliwa au kinapobomoka? Hapo ndipo patamu. Mwaka 1947 watafiti wawili wa London waliopiga vidole picha za eksirei walisema ni kinapozaliwa. Mwaka 1971 wengine wa Leeds wakasema hapana, kinapobomoka. Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ikavuta vidole ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, ikaona uwazi wa kiputo ukitokea pamoja na mlio na kubaki palepale baada ya mlio. Kesi imekwisha? Wapi! Mwaka 2018 watafiti wengine wakaja na hesabu zao: kiputo kikinywea kidogo tu, bila kutoweka, kinatosha kutoa mlio ule. Miaka 70 na ushei, ugomvi wa kidole.

Kuhusu baridi yabisi, shujaa wangu ni Donald Unger, daktari wa California. Naye alitishwa na mama yake, shangazi zake, hata mama mkwe. Hakubishana nao. Aliualisha mkono wa kushoto walau mara mbili kwa siku, wa kulia akauacha, kwa miaka 50. Kwa hesabu yake, si chini ya mara 36,500. Mwaka 1998 akaandika katika jarida la kitabibu kwamba hakuna mkono uliougua, na mwaka 2009 akapewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Najua, mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi. Utafiti wa 1990 uliihusisha tabia hii na mikono kuvimba na mshiko kulegea, ingawa nao haukukuta baridi yabisi zaidi. Na kiungo kinacholia huku kinauma, hicho ni cha kupelekwa kwa daktari.

Mimi sichukii kukatazwa. Niambie “acha, unanikera,” nitaacha, maana hiyo ni sababu ya kweli. Kuniundia ugonjwa ili ninyamaze ndiko kunakoniudhi, kwa sababu pamoja na mlio huwa kinazimwa kitu kingine: lile swali.

Juzi mtoto wa dada yangu alinisikia. “Mjomba, nini kinalia?” Nikamweleza habari ya kiputo. Akafikiri. “Kinazaliwa au kinapasuka?” Nikamwambia wakubwa bado wanabishana. Akavuta kidole chake, akakisogeza sikioni.