Kichwa kifupi, tela la friji: ukate chesisi au uhamishe sahani?

Wiki ya pili hii kijiweni kwetu Saateni, hapa Unguja, mjadala ni mmoja tu, hata mpira umewekwa pembeni. Ami mmoja wa pale, anapeleka samaki na kuku mahotelini, kaleta kichwa cha semi, yaani gari la mbele linalovuta tela, kutoka Ulaya, ekseli (mihimili ya tairi) mbili, kifupi, uso bapa, halafu tela la friji kalipata pahala pengine kwa bei ya kutupa. Kila kimoja peke yake kizima, tatizo limekuja kwenye kuoana. Ile mashine ya baridi iko puani mwa tela na imechomoza, sasa kichwa kikikata kona kali pembe ya mashine inataka kuingia kebini kumsalimia dereva. Fundi wa weldingi kasema ami, tukate chesisi, ile fremu ya chuma iliyobeba gari, tutie mita moja, mambo kwisha. Dereva, mtu mzima wa kule Makunduchi, kasema ikikatwa hii mtafute mwengine wa kuiendesha.

Mimi nilikuwa utingo kabla sijafungua duka la spea, kwa hiyo nawaelewa wote wawili, ingawa si kwa kiasi kimoja.

Tuanze na fundi maana watu wanamcheka bure. Sisi tuko kisiwani, kila kitu kimevuka bahari, huwezi kusema hili halinifai nalirudisha kesho, na ukiliuza utaliuza kwa hasara kwa mtu anayejua kuwa umekwama. Tena kurefusha chesisi si uchawi, Marekani kuna gereji kazi yao ni hiyo, na Scania, Volvo na Mercedes-Benz wenyewe wanatoa miongozo ya wajenga bodi inayosema gari lao likirefushwa lirefushwe vipi. Na kuna shughuli ambazo bila ya urefu hazifanyiki. Mtu anataka kreni nyuma ya kebini ajishushie nondo na matofali mwenyewe, kwa sababu huko anakopeleka hakuna foko ya kunyanyulia mizigo, utamwambia nini? Kreni inataka nafasi na nafasi haiombwi kwa dua. Gari refu pia halirushirushi, mgongo wa dereva unapona.

Sasa hapa ndipo fundi wetu nilipomuuliza suali moja akanuna: hiyo mita unaitia wapi?

Maana watu wanadhani mita ni mita. Chukua kichwa kama hiki cha ami, chenye mita 3.6 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na ile fifti wili, sahani inayokaliwa na tela, iko sentimita 60 mbele ya ekseli ya nyuma. Tela likiegemea pale na tani 10, mbele zinakwenda kama tani 1.7 na nyuma 8.3. Ukikata baina ya kebini na sahani, ukaacha sahani na ekseli ya nyuma kama zilivyo, gari linakuwa mita 4.6, mbele inabeba tani 1.3, na nguvu ya kuipinda chesisi inapanda kidogo tu. Vizuri. Lakini wengi hawakati pale, kwa sababu pale kuna matangi ya upepo na mabomba na nyaya, wanakata penye uwazi, nyuma ya sahani, wanaisukuma ekseli nyuma na sahani inabaki ilipokuwa. Hesabu ile ile, tani 10 zile zile, sasa mbele inabeba karibu tani 3 na nusu na chesisi inapindwa mara mbili ya mwanzo, na mahala pa kupindwa ndipo ulipoweka kiraka chako. Mzigo haujaongezeka hata kilo moja! Fundi alinyamaza kidogo akasema basi tutakata mbele. Sawa, ila hilo hakulisema mpaka kaulizwa.

La pili ni chuma chenyewe. Vichwa vingi vya Kimarekani chesisi zake zimepikwa kwa moto kiwandani, nguvu yake psi (kipimo cha uimara wa chuma) 110,000 hadi 120,000, na ukichomelea pale penye joto chuma kinalegea, kinarudi ulaini hata kama kwa macho kiungo kimependeza. Ndio maana utakuta kibandiko kinakataza kuchoma na kukata. Za Ulaya nyingi zinakubali kuungwa lakini kwa masharti: kiungo kijae mpaka ndani, kisagwe kiwe laini, kisha ndani yake ikae pasi, yaani kipande cha chuma cha umbo la C, inayopita kiungo pande zote mbili, ifungwe kwa bolti zilizopita ubavuni, si kwenye ule ukingo wa juu na wa chini, kwa sababu ukingo ndio unaobeba kazi kubwa na tundu pale ni mwanzo wa ufa. Na mwisho wa ile pasi ukatwe mshazari, ukikatwa wima ufa utaanzia hapo hapo. Hili mafundi wa majahazi wanalijua siku nyingi, hakuna anayeunga mkuku kwa kuugongesha kichwa kwa kichwa, unachongwa mshazari ukalaliana. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea pia betri na kompyuta za gari zitolewe waya. Nishauza kontrol boksi kwa mtu aliyesahau hilo na bei yake ilimfanya akae chini.

Na ile pasi ya ndani, kwetu huku, ina kisa chake. Chuma juu ya chuma baina yake hubaki upenyo, upenyo unakunywa maji ya chumvi, kutu inavimba na inavisukuma vyuma viachane mpaka bolti zinajikunja. Kwenye baridi za Ulaya na Marekani wanaletewa hilo na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, sisi tunapumua chumvi mwaka mzima, na gari likivuka kwa pantoni linaoshwa na maji yenyewe. Fundi asipopaka rangi ya zinki na kuziba kingo, miaka michache tu utaona mistari myekundu inachuruzika na hapo umeshachelewa.

Propela shafti, lile bomba linalopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma, nayo inarefuka na chesisi. Huwezi kuunga bomba refu ukaliachia, kwa sababu mwendo ambao shafti inaanza kuchezacheza unashuka kwa kasi, ukizidisha urefu mara mbili mwendo huo unabaki robo. Kwa hiyo utatia shafti ya pili na senta beringi ya kuishikilia katikati, na krosimemba, chuma cha kukingama chesisi, ya kuishika, na pembe za viungo zilingane. Hapo bado mipira ya breki na nyaya za ABS. Ukijumlisha hayo bei ya fundi imeshakuwa si ile aliyoitaja kijiweni.

Halafu tuseme yote yamefanyika sawasawa, jee barabara zetu? Tairi za mbele zikikata kona kwa digrii 40 hivi, gari la mita 3.6 linazunguka kwa nusu kipenyo cha kama mita 5.6, la mita 4.6 linataka mita 7 na ushei, na hapo hujahesabu tela nyuma. Ami anachukulia mzigo bandarini Malindi na anaupeleka kwenye vichochoro vya hoteli kule Nungwi, ambako ukikosea kona unarudi rivasi na kijiji kizima kinakuelekeza, kila mtu na upande wake.

Jumamosi nikachukua tepu nikenda mwenyewe. Kutoka kingipini, ule msumari mnene chini ya tela, hadi pembe ya mashine ya friji ni mita 2.18. Kutoka kati ya sahani hadi mgongo wa kebini mita 2.05. Pungufu sentimita 13, tia 10 za usalama unapata 23, na mtu alitaka kukata gari atie mita nzima! Ile sahani imefungwa kwa bolti kwenye bamba lenye matundu zaidi nyuma. Ukiirudisha sentimita 25 bado iko 35 mbele ya ekseli, na miguu ya tela haigusi kitu.

Fundi kwa haki yake akanirudishia: mbele kutakuwa kwepesi, nyuma kutaelemewa. Kweli. Kwa tani 10 juu ya sahani, nyuma zinakaa 9, na uzito wa gari lenyewe juu ya ekseli hiyo ni tani 2 na nusu hivi, na kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ekseli moja ya tairi 4 ni tani 10. Ila hata sahani ilipo sasa ilikuwa inazidi. Ami akipunguza mzigo unaokalia sahani mpaka tani 8, ekseli ya nyuma inatoka tani 9.7, na ami mwenyewe anasema kuku na samaki hawajawahi kumjazia tela.

Dereva kashaanza kufungua bolti, mbili zimeshika kutu, wamezimwagia dizeli wanangoja.