Sinema Haikulivamia Jumba la Elgin

Filamu ikirekodiwa ndani ya jumba la kale la maigizo, lawama hazikosekani: taa za joto, nyaya zinazoburutwa juu ya mbao za miaka mingi, jukwaa kufungwa siku nzima nzima. Wanaolalamika hawasemi uongo. Lipu ya kale yenye rangi ya dhahabu ikibanduliwa na stendi ya taa, fundi wa kuirudisha hapatikani kila mtaa.

Linalonishinda ni lile dai kwamba sinema ni mgeni anayemfukuza mwenyeji. Chukua Elgin, jumba la Toronto, Kanada, lililotumika kurekodia filamu ya muziki ya Chicago (2002), ile iliyozoa Oscar 6. Lilifunguliwa 1913, na mapema 1914 likafuata la pili juu yake, Winter Garden, lenye dari iliyosheheni majani halisi ya miti. Yote mawili yalijengwa kwa nyimbo, vichekesho na sarakasi, na filamu zisizo na sauti zilikuwemo tangu mwanzo.

Mwaka 1928 la juu likafungwa, la chini likabaki sinema. Hapa walalamikaji wana hoja nzito kuliko wanayoitumia. Kule juu, kulikosahauliwa zaidi ya nusu karne, yalikutwa mapazia ya jukwaani yaliyochorwa, yakiwa bado yapo. Kule chini, kulikotumika kila siku, mapambo yalizikwa chini ya tabaka juu ya tabaka za rangi. Kutelekezwa kulihifadhi, matumizi yakafuta. Ukiishia hapo, kesi wameshinda.

Lakini paa liliezekwa kwa pesa ya nani? Mapazia yale yalisalimika kwa sababu jengo lilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa sinema ya chini. Bila watazamaji wake, sioni mwenye kiwanja katikati ya Toronto angelivumilia jumba tupu miaka yote hiyo, hadi taasisi ya urithi ya jimbo la Ontario ilipolinunua 1981. Ukarabati ulikamilika 1989. Kuta za Winter Garden zimechorwa kwa rangi ya maji, ukizipitishia kitambaa kibichi umezifuta. Mafundi wakazisafisha kwa madonge ya unga mbichi wa mkate, mamia ya ratili. Nyumba inayotunzwa hivyo haina anasa ya kuchagua sana wapangaji.

Wapo pia wanaoona aibu kwamba kwenye filamu Elgin linajifanya jumba la mji mwingine. Mimi sioni. La ghorofa ya juu lilikuwa linajifanya bustani tangu siku ya kwanza.

Basi ugomvi wa maana uwe juu ya mkataba: msumari usigonge ukuta, sakafu ifunikwe, fidia iandikwe kabla lori la vifaa halijafika. Na mtunzaji wa jengo awepo muda wote, mwenye ruhusa ya kusema "kata" kabla ya mwongozaji.